Nilivyojifunza Poka Kati ya Kabiria na Spring Valley

Akina mama wenzangu,

Ni kweli. Yule aliyeonekana Kabiria Jumamosi ile, ameketi juu ya sofa isiyo na kitambaa, karata mkononi, katikati ya mafundi wa samani, ni mimi Dorkas. Sikufananishwa. Aliyewapa habari aliona vizuri na simlaumu hata kidogo, mtaona kwa nini. Lakini aliona dakika tano tu za safari iliyomeza siku nzima, na tangu nirudi simu yangu haijapumzika. Nimeona niandike mara moja, msome wote, halafu mniache nirudi kwa cherehani yangu.

Kwanza niwatoe hofu. Poka ninayosema si ile ya sinema, ya watu wenye miwani myeusi na pesa mezani. Ni hii yetu ya Kenya, inayochezwa popote watu wanapongojea kitu, na haina hata shilingi ndani yake. Wengine huiita kadi tu. Watoto wenu wanaijua, waulizeni.

Satellite, kabla ya kutoka

Wengi mlimwombea kaka yangu Hezron. Kwa asiyemjua, ni mkubwa wangu kwa miaka sita, na amekuwa mtunza bustani katika boma moja la Spring Valley tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Anaishi nyumba ya nyuma pamoja na bintiye Linet, ambaye ni mpishi humo humo. Miezi mitatu iliyopita kiharusi kilimwangusha kwenye maua aliyoyapanda mwenyewe. Mguu umerudi, anatembea na fimbo. Mkono wa kushoto unafanya kazi. Lakini tangu siku hiyo hakuwa amesema neno. Mama wa kliniki anayemfundisha kuongea alituambia maneno yapo, yamekwama tu, tuzidi kuyaita. Linet alimsomea zaburi, akamwimbia nyimbo za nyumbani. Kimya.

Wazee wetu wa kijijini Maragoli wakachoka kungoja. Baba mdogo Ayub alisema mtu asiyeongea akae kwao, si mjini, na gari la kumchukua lingekuja Jumapili. Huko nyumbani kliniki ya namna ile hakuna. Kwa kuwa mimi ndiye ndugu wa tumbo moja aliyebaki, waliniachia neno la mwisho, na niwaambie ukweli, nilikuwa nimeshakubali. Nilipanga Jumamosi niende nimsaidie Linet kufunga nguo za baba yake.

Ijumaa Linet akanipigia. Alikuwa amesikia uamuzi wangu kwa watu wengine, jambo ambalo ni aibu yangu, na hakunigombeza.

"Senge, kabla umpeleke, cheza na yeye poka," alisema, akiniita shangazi kwa lugha yetu. "Game moja tu. Nakuomba."

Nikamwuliza kama amelala vizuri. Akanieleza kwamba zamani baba yake alicheza kila mchana na askari wa geti, na hata sasa akiona karata macho yanachangamka. Tatizo lilikuwa yeye Linet. Alimwonea huruma akawa anamwachia ashinde, mzee akagundua, akazisukuma karata zote zikaanguka chini. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na huyu alikuwa mchelea baba.

"Nataka mtu hana huruma," akasema. "Ndio nikafikiria wewe."

Nilimshukuru kwa sifa hiyo. Sikumwambia kwamba sijawahi kushika karata maishani mwangu. Kulikuwa na sababu, nitaifikia tukifika mjini.

Satellite mpaka Kabiria, na gundi

Asubuhi nilitoka kwangu Satellite na kikapu cha viazi vitamu nikakuta steji imejaa watu na haina gari hata moja. Madereva walikuwa wamegoma. Bodaboda walikuwa wamejipandisha vyeo, kila mmoja anaongea kama waziri. Nikaona heri nitembee mpaka Kabiria, huenda huko nikapata msaada.

Msaada niliupata kwenye kibanda cha kutengeneza sofa. Pikapu ilikuwa imeegeshwa hapo na dereva wake, Kim, alikuwa akipeleka sofa mbili, moja Westlands, jirani na kwa Hezron, na nyingine kwingine. Alikubali kunibeba bila maneno mengi, wala hakuuliza nashukia wapi. Nikamwuliza tunaondoka saa ngapi.

"Gundi ikikauka," akasema.

Nilidhani ni mzaha. Kumbe katika kazi ya sofa gundi ndiyo bosi. Ukishabandika sponji, unangoja. Ukiharakisha, mteja akikalia mara mbili sponji inatembea. Kwa hiyo wao hungoja, na wakingoja hucheza poka. Walikuwa wanne pamoja na Kim, na mkubwa wao alikuwa fundi Wafula, mtu wa makamo mwenye gundi kavu kwenye ndevu. Nilikaa kando nikishika kikapu changu kwa heshima zote. Mwishowe nikakumbuka kuuliza si ujinga, nikamwambia fundi Wafula kwamba nina safari ya kwenda kucheza mchezo huo na siujui.

Walinitazama. Mmoja alitaka kucheka, fundi Wafula akamkazia jicho. Akanipisha kwenye sofa, hiyo ndiyo sofa mliyosikia habari zake.

"Mathe, hii kitu si ngumu," alianza. "Kila mtu anapewa kadi nne. Moja inawekwa hapa kati. Wewe unaweka ya kufanana na hiyo, ama maua sawa, hizi alama zake, ama namba sawa. Ukikosa, okota moja. Mwenye anamaliza zake zote, ameshinda."

Hapo nilielewa. Ni kama kulinganisha vitambaa, na kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini. Lakini kuna kadi zenye ukorofi. Mbili ikiwekwa, anayefuata anaokota mbili. Tatu, anaokota tatu. Nilipowekewa tatu mara ya kwanza nilimwuliza fundi nimemkosea nini. Alisema hujanikosea kitu mathe, ndio mchezo. Yenye picha ya kijana inamruka anayefuata, mfalme anarudisha mchezo ulikotoka, na yenye herufi A inakukinga usiokote, au inakuruhusu uombe maua unayotaka.

Nilishindwa mara tatu mfululizo. Gundi ikakauka. Wakati huo ndipo mmoja wenu alipita, nafikiri na mwavuli wa bluu, na sikumsalimia kwa sababu nilikuwa nahesabu kadi. Anisamehe.

Mjini, ambako sikuwa naenda

Kim alikuwa na mtu mbele, basi nikapandishwa nyuma, kwenye sofa mpya. Tafadhali msicheke. Nilikuwa sijalala vizuri usiku kwa mawazo ya Hezron, na sponji ya fundi Wafula ni nzuri kuliko godoro langu. Tulipofika barabara ya James Gichuru nilikuwa bado naona miti. Nilipofumbua macho niliona majumba marefu, mikokoteni na mtu anayeuza soksi. Tulikuwa katikati ya mji, karibu na River Road.

Nikamwuliza Kim kulikoni. Naye alinishangaa kuliko nilivyomshangaa. Alidhani fundi amenituma kusindikiza sofa, kwa sababu wateja wa mjini husumbua wakati wa kupokea, na mtu mzima mwenye kikapu huwanyamazisha. Ile ya Westlands walikuwa wameshaishusha huku nimelala kwenye hii nyingine. Alisema aliniona nimetulia sana akaheshimu. Sasa alikuwa akienda Industrial Area kuchukua sponji, hakuwa na njia ya kunirudisha. Aliniomba msamaha mara nyingi, akanipa chupa ya maji. Nilishuka nikiwa nimekasirika, na leo namshukuru, kwa kuwa hatua ishirini kutoka pale palikuwa na duka la vitabu na kalamu, na dirishani palikuwa na pakiti mpya ya karata.

Nilisimama mbele ya lile dirisha muda mrefu.

Nilipokuwa na miaka tisa, Hezron alikuwa na karata alizozificha ghalani, ndani ya debe la mbegu. Alicheza na wenzake jioni baada ya kufunga ng'ombe. Mimi nilitaka kucheza, wakanifukuza kwa kuwa mdogo. Ulimi hauna mfupa. Nilikwenda moja kwa moja kwa baba, na baba alikuwa mzee wa kanisa ambaye hata filimbi aliitilia shaka. Alizichoma zile karata kwenye mafiga, moja moja, Hezron akitazama. Jumapili Hezron alisimamishwa mbele ya watu wote akatubu, kijana wa miaka kumi na tano, na wasichana aliowapenda wameketi benchi la pili. Hakunipiga. Tangu siku hiyo aliniita Redio. Alizeeka akiniita hivyo, kwa kicheko, na mimi nikacheka naye, lakini sikuwahi kumwomba msamaha. Na tangu augue hakuna aliyeniita Redio.

Nikainunua ile pakiti.

Nilipotoka dukani mvua ikamwagika. Nikajibanza barazani pamoja na askari wa mlango, mwanamke aitwaye Jackline, mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Aliiona pakiti, akauliza mtoto wangu ana miaka mingapi. Nikasema ana sitini na tano. Ikabidi nimweleze yote. Alinisikiliza, akaangalia huku na huku kama bosi yuko, akafunua mkebe wake wa githeri, mahindi na maharagwe, akanipa kijiko.

"Ulifunzwa swali?" akaniuliza. Sikuwa nimefunzwa. Wafula alikuwa ameishiwa na gundi ya kungoja. Jackline alinionyesha kwamba nane na malkia ni maswali, na mwenye kuuliza hujijibu mwenyewe papo hapo kwa kadi ya kufanana. Huna jibu, okota. Na huwezi kumaliza kwa kadi korofi wala kwa swali. Lazima umalize kwa kadi tulivu, kama nne au tano.

"Na ile kubwa sasa," akasema. "Ukiwa karibu kumaliza, kabla turn yako ya mwisho, unasema kwa sauti niko kadi. Watu wajue. Usiposema, hata ukiweka ya mwisho haujashinda. Unarudishiwa, unaokota mbili."

Nilimwambia hiyo ni sheria nzuri kuliko nyingi ninazozijua. Anayetaka kushinda atangaze kwanza, wenzake wapate nafasi ya kujitetea. Jackline alisema yeye anawajua wengi hapa mjini wanaohitaji kuifuata. Githeri yake ilikuwa na viazi vichache na pilipili nyingi, na sijala tamu kuliko hiyo mwaka huu. Nilimwachia viazi vitamu vitatu. Alivikataa kwa mdomo akavipokea kwa mikono miwili.

Mguu kwa mguu mpaka Westlands

Mvua ilipokatika nilitembea. Magoti yangu yalilalamika pale Museum Hill, nikayaambia yangoje mpaka kesho. Ili nisisahau, nilirudia sheria kwa sauti ya chini kila hatua: mbili okota mbili, tatu okota tatu, kijana ruka, mfalme rudi, nane jibu. Mama mmoja aliyetembea nyuma yangu alinifuata hivyo kwa muda mrefu, na kila nilipofika mwisho alisema amina. Nilipogeuka aliniomba nimtaje mwanawe anayetafuta kazi. Nilishindwa kumwambia nilikuwa nakariri poka. Tulisimama kando ya barabara nikamwombea mwanawe kweli kweli, na jina lake bado ninalo.

Westlands nilikula chapati na ndengu kwenye kibanda, nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa siinuki. Nilikuwa nimechelewa saa nne nzima. Linet alikuwa amepiga simu mara tano. Mara ya mwisho aliuliza tu kama bado nakuja, kwa sauti ya mtu aliyeshaanza kukunja nguo.

Spring Valley

Askari wa geti aliponiona na viatu vilivyojaa tope alitaka kunielekeza pengine. Nilipomtajia Hezron akafungua mara moja. Alisema mzee alimfunga kwa karata miaka saba, hajawahi kumshinda hata mara mbili kwa wiki.

Hezron alikuwa ameketi nje ya nyumba ya nyuma, kwenye kigoda, akitazama ua ambao sasa mtu mwingine aliukata, tena vibaya. Nilimsalimia kwa lugha yetu. Akaitikia kwa kichwa. Mlangoni begi lilikuwa limefungwa. Nililiona na Linet aliona nimeliona. Akaleta chai na meza ndogo.

Nikaitoa pakiti kikapuni, nikaiweka mbele ya kaka yangu. Aliitazama, akanitazama mimi, akarudi kuitazama. Kisha akaivunja karatasi kwa meno, akachanganya kadi kwa mkono mmoja kwa namna ambayo siwezi kuieleza, akagawa. Nne kwangu, nne kwa Linet, nne kwake.

Alinishinda mara mbili kabla chai haijapoa. Mahali pa kusema niko kadi aligonga meza mara tatu kwa kifundo cha kidole. Linet alikuwa amemruhusu hivyo, nami sikuwa na moyo wa kupinga. Kwa hiyo hata mtu asiye na huruma ana mipaka yake. Nilicheza kwa nguvu zangu zote, lakini rohoni nilikuwa nikimuaga. Nilijiambia amefurahi, inatosha, kesho gari litakuja.

Mchezo wa tatu kadi zilinijia vizuri. Nilibaki na tatu, zote za maua meusi, na mezani palikuwa na maua hayo hayo. Nikaweka nane, swali. Nikajijibu kwa sita. Nikabaki na tano, kadi tulivu kabisa. Linet akaweka kumi ya maua hayo. Hezron akaweka nne ya maua hayo. Nami nikaiweka ile tano juu yake, nikapiga makofi. Siku nzima ya kushindwa, na sasa nimemshinda bingwa wa Spring Valley. Nilisimama na magoti yangu haya haya.

Hezron alinyoosha mkono, akaiokota tano yangu, akanirudishia.

Nikaikataa. Nikamwambia mchezo ni mchezo, nimemaliza kwa haki, asilete ukubwa hapa. Nikairudisha mezani. Akaichukua tena akanisukumia, safari hii kwa hasira, mishipa ya shingo imesimama. Mdomo ukafunguka, ukafunga. Linet alikuwa ameshika birika hewani.

"Hujasema," akasema Hezron.

Sauti ilikuwa imekwaruza kama mlango wa ghala. Nilidhani nimeota. Akameza mate, akanielekeza kidole.

"Hujasema kadi, Dorkas."

Na kweli sikuwa nimesema. Nilikuwa nimeisahau sheria kubwa ya Jackline. Linet aliweka birika chini polepole, akakaa kwenye majani, akafunika uso kwa aproni. Mimi nililia wazi wazi, sina la kuficha. Kaka yangu hakuwa na habari na machozi yetu. Alisukuma rundo la kadi mbele yangu na kuinua vidole viwili, nikaokota mbili, nami nawaambia sijawahi kupokea zawadi nikashukuru kama nilivyoshukuru kwa adhabu ile.

Kwanza nilimpigia Baba mdogo Ayub, hapo hapo mezani. Nikamwambia gari lisije. Alitaka kujua nani ameamua. Nikamwambia Hezron ndiye aliyesema, na Baba mdogo akauliza kwa sauti ndogo, amesema nini. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Alisema huyo ni Hezron mwenyewe, hakuna mwingine.

Halafu nikamgeukia kaka yangu. Nilikuwa na miaka hamsini ya kuchelewa, zile saa nne hazikuwa kitu. Nilimwambia, "Kaka, siku ile ya ghalani nilisema, na sikupaswa. Nisamehe."

Alikusanya kadi, akazipanga kingo sawasawa kwa kidole gumba, bila haraka. Nikafikiri hakusikia, au maneno yake ya siku yameisha.

"Redio," akasema, akanigawia kadi nne.

Nyumbani

Nilirudi na gari la mwenye lile boma mpaka mlangoni kwangu, miguu imevimba, kikapu kitupu. Begi lile Linet alilifungua nikiwa bado pale, akarudisha mashati ya baba yake kwenye misumari. Kliniki inaendelea kila Jumanne. Maneno yanatoka machache na mengi ni ya kunikosoa.

Nitakuwa huko kila Jumamosi. Nikipita Kabiria gundi ikiwa haijakauka, nitaketi pia, maana fundi Wafula anataka kusikia mwisho wa habari. Mwenye kupeleka maneno kwa mchungaji simzuii, mimi ni wa kazi hiyo tangu utotoni. Namwomba tu ayapeleke mazima. Aseme nilicheza karata, na nilishindwa, na aliyenishinda ni kaka yangu, kwa mdomo wake mwenyewe.